Mawazo, Mishipa na Kidonge cha Asubuhi



Wiki iliyopita, mkutano wetu wa akiba ulipokwisha na pesa zimekwisha kuhesabiwa, mama mmoja anayeuza sambaza aliuliza swali lililotuzuia pale hadi giza likaingia. Ana ugonjwa wa shinikizo la damu, au tansio kama tunavyosema hapa Goma, kwa miaka mingi. Alisema hivi: "Tansio yangu inatoka kwa mawazo. Vita, deni, watoto wasiosoma. Hakuna kidonge kinachoondoa mawazo. Basi mimi ninameza vidonge vya nini?"

Wengi waliitikia kwa kichwa. Mmoja akaongeza kwamba yeye humeza dawa siku kichwa kinapomuuma tu, siku nyingine huziweka ili zisiishe haraka. Mwingine akasema yeye na jirani yake wanagawana, maana wote wana tansio na dawa ya tansio ni dawa ya tansio.

Tuliahidi kujibu katika ukurasa huu. Tulikaa na wanachama wenzetu wawili ambao ni wauguzi, tukauliza na kuuliza tena mpaka tukaelewa. Tunawaandikia tulichoelewa, kwa sababu swali la yule mama ni zuri. Nusu yake ni kweli, na nusu nyingine inaweza kumuua mtu.

MISHIPA YA AINA MBILI

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa neno. Kwa Kiswahili tunasema "mshipa" kwa vitu viwili tofauti. Kuna mshipa wa damu, ambao ni kama tiyo: una uwazi ndani, na damu inapita humo. Na kuna mshipa wa fahamu, ambao wauguzi wanauita neva. Huo hauna damu ndani yake. Ni kama waya wa umeme, unabeba habari kutoka ubongo kwenda mwilini na kutoka mwilini kurudi ubongoni. Hapa chini tutasema "mshipa" kwa ule wa damu, na "neva" kwa ule wa habari.

Mishipa midogo ya damu si tiyo ya plastiki iliyokaa tu. Ukuta wake una misuli iliyouzunguka kama pete. Pete hizo zikibana, njia inakuwa nyembamba. Zikilegea, njia inapanuka. Kila mama aliyewahi kumwagilia bustani anajua: ukibana tiyo kwa vidole, maji yaliyo nyuma ya vidole yanasukuma kwa nguvu zaidi. Ndivyo tansio inavyopanda. Moyo unasukuma kama kawaida, lakini njia imebanwa.

Nani anabana? Kazi kubwa hufanywa na neva. Katika miaka ya 1850, mwanasayansi wa Ufaransa aitwaye Claude Bernard alikata neva moja shingoni mwa sungura. Sikio la upande ule likawa jekundu na la moto. Mishipa yake ilikuwa imefunguka, kwa kuwa hapakuwa tena na neva ya kuiambia ibane. Hivyo watu wakaelewa kwamba hata tunapokaa kimya, neva hazilali. Zinatuma habari kidogo kidogo, mchana na usiku, ili mishipa ikae imebanwa kiasi kinachofaa.

HABARI INAVYOFIKA

Fikirini uko sokoni Virunga, umekaa na bidhaa zako, ghafla mlio wa risasi. Kabla hujajua risasi imetoka wapi, moyo unapiga mbio, mikono inakuwa baridi, mdomo unakauka. Hukuamua lolote. Ubongo, kwenye sehemu yake ya chini iliyo karibu na shingo, umetuma amri kupitia neva: moyo upige haraka, mishipa ibane, damu ipelekwe kwenye misuli ya kukimbilia.

Lakini waya huo haugusi msuli wa mshipa. Kati yao kuna nafasi ndogo sana isiyoonekana kwa macho. Habari ikifika mwisho wa neva, neva inamwaga tone la kemikali iitwayo noradrenalini. Aliyetambua mwaka 1946 kwamba ndiyo mjumbe wa neva hizi ni Ulf von Euler wa Uswidi, na mwaka 1970 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili waliochunguza jinsi neva zinavyotoa na kuzoa kemikali kama hizo.

Noradrenalini inavuka nafasi ile na kukuta juu ya msuli vitu vinavyoitwa vipokezi. Vichukueni kama kufuli, na noradrenalini ni ufunguo. Ufunguo ukiingia, vijilango vinafunguka ndani ya msuli, madini ya kalsiamu yanaingia, na pete ya msuli inabana. Kisha mwisho wa neva unazoa noradrenalini iliyobaki na kuirudisha ghalani kwake kwa matumizi ya baadaye. Mambo yakitulia, pete zinalegea.

Si hofu peke yake inayotuma habari hiyo. Asubuhi ukisimama kutoka kitandani, damu inataka kushuka miguuni. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo kuna walinzi wanaopima shinikizo kila wakati. Wakiona limeshuka, wanaarifu ubongo, na ubongo unaamuru mishipa ibane, ili kichwa kisikose damu. Bila kazi hiyo tungeanguka kila tunaposimama. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Kwa hiyo yule mama amesema kweli: mawazo yanapandisha tansio, na njia yake ndiyo hii. Lakini tansio iliyopanda kwa hofu hushuka hofu inapopita. Ugonjwa wa tansio ni jambo lingine. Ni pale shinikizo linapobaki juu hata umekaa umetulia, siku baada ya siku, 140 juu au 90 chini, au zaidi. Hapo kuna mikono mingi inayobana: neva, ndiyo, lakini pia figo zinazoshika chumvi na maji, kuta za mishipa zilizokuwa ngumu kwa umri, urithi wa ukoo, uzito, pombe, chumvi na kibe nyingi kwenye sombe. Ndiyo maana muuguzi hakubali kipimo kimoja cha siku uliyokuja ukikimbia. Anakukalisha kwanza, anapima tena, na anakuita siku nyingine.

Na ugonjwa huu hausemi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu hawajui kwamba wanalo. Kichwa kisichouma si ushahidi kwamba tansio imeshuka. Anayemeza dawa siku ya kuumwa kichwa tu anangoja kengele ambayo mara nyingi haipigwi, na siku inapopigwa, mishipa ya ubongo, ya moyo na ya figo imekwisha kuumia.

KILA DAWA NA MLANGO WAKE

Sasa tufike kwenye vidonge. Hakuna kidonge cha tansio kinachoondoa deni wala vita. Kazi yake ni kusimama mahali fulani kwenye njia ile ya habari, kati ya ubongo na pete ya mshipa, na kupunguza kile kinachopita. Dawa hazisimami mahali pamoja. Hapo ndipo wengi wetu tunakosea tunapogawana.

Nyingine zinasimama juu kabisa, ubongoni. Metildopa, ambayo wamama wengi wameijua wakiwa na mimba, ni ya kundi hili. Inaufanya ubongo utume amri chache za kubana. Imetumika kwa miaka mingi kwa wajawazito na imeonekana kuwa salama kwa mtoto. Inaweza kuleta usingizi na kukausha mdomo, hasa siku za kwanza.

Nyingine zinasimama kwenye kufuli. Kufuli zilizo kwenye mishipa zinaitwa alfa, na zile za moyo zinaitwa beta. Prazosini inaziba kufuli za alfa: neva inamwaga noradrenalini, lakini ufunguo haupati pa kuingia, na mshipa unabaki umelegea. Atenololi na propranololi zinaziba kufuli za beta: moyo unapiga polepole zaidi, na figo zinapunguza kemikali zake zinazopandisha tansio. Lakini kufuli za beta ziko pia kwenye mapafu, na huko kazi yake ni kuzifungua njia za hewa. Mwenye pumu akipewa propranololi na jirani mwenye huruma, anaweza kushindwa kupumua usiku huohuo.

Nyingine zinasimama ndani ya msuli wenyewe. Amlodipini na nifedipini hazigusi neva wala kufuli. Zinafunga vijilango vya kalsiamu. Neva inaweza kupiga kelele inavyotaka, lakini msuli haupati kalsiamu ya kutosha kubana. Ndiyo maana zinasaidia hata kwa mtu ambaye tansio yake haikuanzia kwa mawazo. Mishipa ikifunguka hivyo, wengine huvimba vifundo vya miguu, na wengine huumwa kichwa siku za mwanzo. Ukivimba, rudi kwa aliyekuandikia dawa ili akuangalie. Usiikate wewe mwenyewe kwa kudhani figo zimekufa.

Amlodipini ina tabia moja ya kukumbuka. Inaingia polepole na kutoka polepole. Nusu yake inabaki mwilini zaidi ya siku nzima, na inahitaji kama wiki moja ya kumezwa kila siku ili ifikie nguvu yake. Kwa hiyo kidonge kimoja siku ya kuumwa kichwa hakifanyi kazi uliyoitarajia. Umepoteza kidonge, na mishipa yako haikupata ulinzi.

Halafu kuna kaptoprili, enalaprili na losartani. Mwilini kuna kemikali nyingine iitwayo anjiotensini, ambayo inabana mishipa yenyewe, na pia inazichochea neva zimwage noradrenalini zaidi. Ni kama mtu anayesimama nyuma ya mpiga ngoma akimwambia piga, piga. Kaptoprili na enalaprili zinapunguza kutengenezwa kwake, losartani inaizuia kufanya kazi. Zile mbili za kwanza huwaletea wengine kikohozi kikavu kisichoisha. Na zote tatu, tusikilizane vizuri, si za mwenye mimba: zinaweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni. Binti wa miaka 25 akigawiwa enalaprili na mama mkwe wake bila yeyote kujua kwamba ana mimba, anayeumia ni mtoto.

Mwisho, ile ya kukojolesha, hidroklorotiazidi, inatoa chumvi na maji ya ziada kupitia figo. Mara nyingi mtu anapewa mbili kwa pamoja, kwa sababu milango ni miwili. Si kwamba farmasi inataka pesa mara mbili.

MTI WA MISITU YETU

Wengine walituuliza kuhusu miti ya kienyeji. Tuna habari moja ya kweli ya kuwapa, na inatoka karibu nasi.

Katika misitu ya Kongo, na ya nchi nyingine za Afrika ya Kati na ya Magharibi, unaota mti ambao wataalamu wanauita Rauvolfia vomitoria. Ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, umetumiwa na waganga wa huko tangu zamani. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, aliandika katika jarida la Uingereza jinsi ulivyoshusha tansio ya wagonjwa wake. Mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya Ciba ya Uswisi walitenga kemikali yake na kuiita reserpini. Baadaye ilionekana kwamba mti wetu nao una reserpini, na mizizi yake ikasafirishwa kutoka Kongo kwenda viwanda vya Ulaya.

Reserpini inafanya nini? Inaingia mwisho wa neva na kuharibu ghala la noradrenalini. Ghala likiwa tupu, amri ya ubongo inafika, lakini neva haina cha kumwaga. Mishipa inalegea. Ilikuwa moja ya dawa za kwanza kabisa za vidonge zilizoshusha tansio kweli, na ilisaidia watu wengi.

Kwa nini basi leo haitumiki sana? Kwa sababu ghala hizo ziko pia ubongoni. Wengine waliopewa kiasi kikubwa waliingia huzuni nzito, wengine walifikiri kujiua. Ndipo zikatafutwa dawa zinazochagua mlango wake bila kugusa milango mingine.

Tunasema haya ili tusidharau miti yetu, na pia ili tusiichemshe ovyo. Mzizi mmoja una nguvu, mwingine hauna, na sufuria haipimi miligramu. Anayekunywa maji ya mizizi juu ya kidonge cha hospitali anaweza kuanguka njiani. Ukitumia, mwambie muuguzi bila haya. Kumficha ni kujidhuru.

SIKU TULIZOKIMBIA

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitema moto. Siku tano baadaye, tarehe 27, ilitolewa amri ya kuhama. Mnakumbuka njia ya Sake ilivyokuwa: magodoro vichwani, watoto mikononi, chukudu, pikipiki, mbuzi. Wengine walivuka kwenda Gisenyi, wengine walipanda mashua.

Mmoja wetu aliondoka na watoto wanne, godoro na bidoni ya maji. Vidonge vyake vya atenololi vilibaki juu ya kabati. Aliwaza: si kitu, nitakaa siku chache bila dawa. Siku ya tatu moyo ulianza kupiga mbio hata akiwa amelala. Kichwa kilimpasuka. Majirani walisema ni hofu ya volkano. Alipopimwa kwenye kituo cha afya, namba ya juu ilikuwa imepita 200, zaidi ya ile aliyokuwa nayo kabla hajaanza dawa. Namshukuru Mungu, alisema baadaye, kwamba muuguzi aliuliza swali moja tu: "Mama, uliacha dawa gani?"

Hofu ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake. Kufuli za beta zikizibwa kwa muda mrefu, mwili unafikiri kufuli ni chache, basi unatengeneza nyingine. Maadamu dawa ipo, hakuna neno. Dawa ikikatwa ghafla, noradrenalini inakuta kufuli nyingi kuliko zamani, zote zikiwa wazi. Moyo unapokea habari mara mbili. Klonidini, ambayo ni ya kundi la zile za ubongoni, ina hatari kubwa zaidi: breki ikiachwa ghafla, neva zinarudi kwa nguvu, na tansio inaweza kupaa ndani ya siku moja au mbili. Amlodipini hairuki hivyo, kwa sababu inatoka polepole, lakini nayo ikiisha tansio inarudi ilikokuwa.

Miaka michache baadaye, mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, tuliona mambo yaleyale. Watu walijifungia nyumbani siku kadhaa, benki zilifungwa, pesa hazikuonekana. Waliokuwa na akiba ya dawa ya wiki mbili walivuka zile siku. Waliokuwa wakinunua kipande kimoja kwa siku walikwama.

Ndiyo maana tunamwambia mama wa sambaza, kwa heshima na kwa upendo: mama, ni kweli kidonge hakiondoi mawazo. Lakini mawazo yanapotuma habari kwenye mishipa yako, kidonge ndicho kinachosimama mlangoni. Na kwa kuwa katika mji wetu habari mbaya haziishi, mlinzi huyo ndiye hatupaswi kumwondoa ghafla.

TUFANYE NINI

Kwanza, ujue jina la dawa yako. Si "kile cheupe" wala "kile cha mviringo". Mwombe mtoto anayesoma aandike kwenye karatasi jina la dawa, miligramu, na saa unayomeza. Karatasi hiyo ikae pamoja na karata yako ya hospitali.

Pili, kila nyumba yetu ina mfuko wa kukimbilia, na karatasi za watoto ziko humo. Tia pia dawa za tansio za wiki moja au mbili na ile karatasi. Kila mwezi zibadilishe na mpya, ili zisipitwe na tarehe. Kwa asiyeweza kununua za wiki mbili kwa mara moja, tumekubaliana kwamba ombi la dawa lipokelewe kwenye mfuko wetu wa msaada kama ombi la karo.

Tatu, ukiona vidonge vinakaribia kwisha na pesa hakuna, nenda kwa muuguzi kabla havijaisha. Pengine kuna dawa ya bei ndogo zaidi, pengine atakuonyesha jinsi ya kupunguza kidogo kidogo. Ukisahau kidonge, kimeze siku hiyohiyo ukikumbuka. Kesho yake usimeze viwili kwa pamoja.

Nne, amka polepole. Tulisema neva ndizo zinazobana mishipa tunaposimama. Dawa nyingi za tansio zinapunguza kazi hiyo, kwa hiyo kizunguzungu cha asubuhi si ajabu, hasa siku za kwanza au dawa inapoongezwa. Kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha miguu, kisha simama. Siku za jua kali, kunywa maji. Ukianguka au kizunguzungu kikiendelea, rudi upimwe.

Tano, kuwa mwangalifu na dawa nyingine za farmasi. Ibuprofeni na diklofenaki za maumivu zinaweza kupandisha tansio na kudhoofisha dawa yako. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini zinafanya kazi ileile ya neva: zinabana mishipa. Sema kila mara: "Nina tansio."

Sita, wakati wa kufunga na kuomba, usiache dawa bila kuzungumza na muuguzi. Saa ya kumeza inaweza kubadilishwa, na maji kidogo ya kumezea hayavunji maombi ya mtu yeyote.

Saba, usingoje asubuhi ukiona mdomo umepinda upande mmoja, mkono au mguu umekufa ganzi, maneno hayatoki vizuri, kifua kinabana. Na mjamzito anayeumwa kichwa sana, anayeona nyota machoni au kuvimba uso, apelekwe siku ileile, hata kama ni usiku.

Na mawazo yenyewe? Hayo tusiyaachie vidonge. Tukiketi pamoja, tukisemezana, tukilala saa za kutosha, tukitembea kwa miguu na kupunguza chumvi, neva zinapata nafasi ya kupumzika. Hiyo ni kazi yetu sisi kwa sisi, na tunaifanya kila Jumamosi bila kulipa hata franga moja.

Jumamosi ijayo, kabla ya kuhesabu akiba, wauguzi wetu wawili watakuja na mashine ya kupimia. Njooni mapema, mkae dakika tano bila kuzungumza, ndipo mpimwe. Mje na vidonge vyenu katika pakiti yake, tusome majina pamoja. Yule mama wa sambaza ameahidi kuwa wa kwanza kwenye mstari. Alisema pia kwamba atakuja na jirani yake, yule mwingine wa kugawana, na kila mmoja atashika pakiti yake mwenyewe.

Wiki ijayo, kama Mungu akipenda, tutajibu swali la wamama watatu walioandika kuhusu watoto wasiolala usiku. Tuendelee kutunzana.